Pembe ya Posa

Kakuma, 3 Novemba 2012

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalotutesa. Miguu yako inaendeleaje? Naandika kwa sababu kwenye simu unakata kabla sijamaliza.

Pombe ya asali ya posa imeacha kutoa povu tangu Jumapili. Nimeonja: kali, nyepesi kama maji, utamu hakuna. Siwezi kumpelekea baba yake Nyakio kitu hiki. Niifanyeje iwe tamu na nzito? Didace, jirani yangu Mkongomani, ananicheka kwamba mwalimu mzima ameshindwa na mtungi.

Mwanao,
Benard

Lodwar, 9 Novemba 2012

Mwanangu,

Ejok, hujambo? Miguu haijambo, mama yako anakusalimu.

Acha haraka. Mashapo yakitulia, imimine polepole kwenye chombo kingine. Tafuta asali nyeusi ya Wapokot, iyeyushe kwa maji vuguvugu, uongeze kijiko kimoja kimoja huku ukionja. Hiyo hiyo ndiyo itakayoleta utamu na ndiyo itakayoleta uzito. Usikaze kifuniko, maana asali mpya huiamsha pombe, na kwa joto la huko mtungi utakupasukia. Ngoja siku kumi, uonje tena.

Sukari ni ya chai. Pombe ya posa ni asali tupu. Ukiichanganya unamwambia mwenye binti kwamba hakustahili asali. Wazee wetu hapa Lodwar hunipa mimi kazi hii miaka yote kwa sababu najua hilo. Sasa ni zamu yako.

Baba yako

Kakuma, 14 Januari 2013

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyumbani wote ni wazima. Tangu siku ya posa, mwezi mzima sijakuandikia, ni aibu.

Asali ya Achai pale sokoni iliisha, akaniambia ningoje Alhamisi. Sikungoja. Nilitia sukari kilo mbili. Ikawa tamu, lakini bado nyepesi, basi nikapika unga wa mahindi nikaukoroga humo. Didace aliniuliza, "Ndugu, unapika pombe ao uji?" Nikamwambia afunge mdomo.

Asubuhi ya posa nilikuletea uonje. Ukameza, ukasema, "Iko sawa." Nilidhani nimekudanganya, Baba, na nikafurahi. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko yote.

Kisha baba yake Nyakio akainamisha pembe ya kunywea mbele ya wazee, uji mweupe ukabaki umeganda ukingoni. Akauliza ni mkono wa nani. Nikaangalia viatu vyangu. Wewe ukasema, "Ni wangu," ukaipokea pembe ukanywa yote. Tukaambiwa turudi kwetu.

Nasikia tangu siku ile wazee wa Lodwar hawakuiti tena kwenye sherehe zao. Nyakio amenipa mpaka Pasaka nimwambie baba yake ukweli, la sivyo nisimtafute. Nitasema. Ila wewe nisamehe kwanza.

Mwanao,
Benard

Lodwar, 2 Februari 2013

Benard,

Sisi wazima. Barua yako Lomenen dereva aliifikisha salama, na nimekaa nayo wiki nzima nikitafuta pa kuanzia.

Unaomba msamaha kwa kuwa unadhani nilikukinga. Sikukukinga, nilijificha mwenyewe. Tangu ile homa ya Agosti, ulimi wangu umekufa. Chumvi, sukari, majivu, kwangu ni kitu kimoja. Sijamwambia mtu. Mama yako namlaumu kwamba chakula kimezidi chumvi, ili asishtukie, naye masikini anapunguza kila siku.

Asubuhi ile nilisikia uzito mdomoni, nikajiambia ni mashapo. Niliona haya kukuuliza mwanangu, "Ina ladha gani?" Nikasema iko sawa. Na nilipoinywa ile pembe mbele ya watu, walioniona waliona mzee jasiri. Mimi sikuonja kitu.

Njoo Jumamosi ya pili ya Machi, twende kwa baba yake Nyakio sote wawili. Wewe utasema yako, nami nitasema yangu. Lakini niache mimi nianze. Ukianza wewe, najijua, nitanyamaza.

Baba yako