Baba Mkwe Ameacha Wajukuu Watano

Takoma Park, Maryland

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na kifua, kwa baridi hii ya Usangi? Sisi huku ni wazima wa mwili. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, na haya nataka uyasikie mpaka mwisho.

Baba mkwe wangu amefariki. Tumemzika Jumamosi. Alikuwa na miaka tisini na mitatu.

Hukuwahi kumwona, basi nikueleze alikuwa nani. Alitoka kijijini kusini mwa China akiwa kijana, akafikia kwa mjomba wake aliyekuwa dobi hapa Washington. Alipiga pasi mashati ya watu hadi mkono wake wa kulia ukajaa makovu mpaka kiwikoni. Baadaye akafungua mgahawa mdogo, akawa anauza chakula nyuma ya kioo kinene cha kuzuia risasi, miaka zaidi ya thelathini. Aliporwa mara mbili, na mara zote kesho yake alifungua saa ile ile. Alisomesha watoto wanne kwa wali wa kukaanga. Mume wangu Wen ndiye kitinda mimba wake.

Harusini kwetu hakuja. Miaka sita hakunitaja jina. Nikiwa nimekaa mbele yake alimwambia Wen, "Mwambie yule apunguze sauti ya televisheni." Mimi nilikuwa yule.

Kisha akapooza upande wa kushoto. Watoto wake wakubwa wana nyumba kubwa, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi. Tukahama fleti yetu ya Adelphi tukaja kukaa kwake. Miaka minne nimemwogesha, nimemgeuza kitandani, nimempikia uji wa mchele wenye tangawizi, kama Mama alivyotupikia tulipougua. Siku ya kwanza alionja, akamaliza, akanisogezea bakuli.

"Ongeza," alisema. Ndilo neno lake la kwanza kwangu mimi mwenyewe.

Tangu hapo akaanza kuzungumza nami, kwa Kiingereza chake cha kubahatisha. Alinisimulia habari za mama yake, aliyemwacha amesimama mlangoni na asimwone tena. Wanangu nao wakamzoea: Neema akafundishwa naye kuandika namba za Kichina. Elia alikuwa anamlalia begani wakitazama mpira. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha.

Siku ya mazishi tukagawiwa kijitabu chenye wasifu wake. Neema akasoma, akageuza ukurasa, akarudia. Akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "Mama, mbona sisi hatumo?"

Waliandika: ameacha watoto wanne na wajukuu watano. Baba, wajukuu ni saba.

Nikamfuata shemeji yangu mkubwa pale pale ukumbini. "Shemeji, umewasahau wanangu?"

Hata hakukasirika. Alitoa karatasi mfukoni, maandishi ya Kichina. "Sikusahau. Aliandika mwenyewe. Nilimuuliza mara mbili, akasema wa ukoo ni hawa."

Neema akainama juu ya ile karatasi, akaweka kidole kwenye namba. "Tano," alisema.

Karatasi ile niliijua. Mimi ndiye niliyemwekea mto mgongoni siku alipoomba kalamu. Nilidhani anaandika barua. Asubuhi ile ile alikuwa amekula uji wangu bakuli mbili.

Wen alinishika mkono, akaninong'oneza, "Ndivyo wazee walivyo, Nakijwa. Achana nayo." Sikula chakula chao. Nikachukua wanangu tukapanda basi kurudi nyumbani, na huyo mume wangu hadi leo sijamsemesha la maana.

Sasa naja kwako, Baba. Bibi, mama yako, alipofariki, nilipanda ndege na watoto hawa hawa. Walisimama mbele ya jeneza wameshika maua. Kaka akasoma wasifu ulioandika wewe: vitukuu kumi na mmoja. Walikuwa kumi na watatu. Nilinyamaza, nikajiambia umekosea kuhesabu kwa sababu ya msiba. Jumamosi nimeacha kujidanganya. Nimekasirika na mzee wa Kichina kwa jambo nililolimeza likitoka kwako.

Yule sikumuuliza kitu, na sasa yuko chini ya ardhi. Wewe nakuuliza ungali hai, na kwa heshima zote: wajukuu wako ni wangapi? Usinijibu kupitia kwa Kaka. Andika kwa mkono wako, majina yote. Yakikosekana haya mawili, siku yako ikifika nitalia hukuhuku. Watoto wangu hawatasimama tena mbele ya jeneza la mtu asiyewataka.

Msalimie Mama, mwambie dawa zake nimemtumia na mgeni anayekuja mwezi ujao. Msalimie Kaka, simlaumu, alisoma alichopewa. Na shangazi yangu mkubwa, yeye peke yake ndiye huuliza Elia ameng'oka meno mangapi, mwambie nimemkumbuka sana wiki hii.

Ni mimi binti yako,
Nakijwa, mama yao Neema na Elia