Niliwashibisha Wajukuu Kabla ya Kwenda Hotelini

Jumamosi, Februari 2013

Theluji imeacha kuanguka tangu mchana. Jua limetoka lakini halina kazi, linawaka tu kama taa ya ndani ya friji. Moyo wangu mweupe. Tumbo linaniuma kwa kushiba, na hilo nitalieleza.

Nianze kwa kukiri. Leo nusura niharibu sherehe ya mtu, na sikusukumwa na yeyote. Nimefanya kwa mikono yangu na mwiko wangu.

Mkwe wangu Neema, mke wa mwanangu Joeli, amepata kazi ya kudumu ya kuhudumia wazee. Muda mrefu alikuwa anaitwa tu siku mwenzake akiumwa, anakaa na simu mfukoni hata kanisani. Alhamisi barua ikaja. Akanishika mabega, akasema, "Mama, Jumamosi hakuna kupika. Nawatoa wote, tunakwenda kula hotelini. Wewe utakaa tu, uhudumiwe."

Kukaa tu! Mimi!

Tangu nifike hapa Downsview, huku ng'ambo, jikoni ni kwangu. Neema akirudi kazini anakuta chakula kimefunikwa. Kwa watu wa kanisani najisifu kabisa, nasema mkwe wangu hashiki mwiko. Hajawahi kulalamika. Hata huu ukurasa wa mtandaoni ninaoandikia kanifungulia yeye. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, herufi nilizijua ukubwani kwa kufuatisha kitabu cha nyimbo, lakini kila Jumapili ananikalisha mbele ya kompyuta na kunionyesha vitufe, wala hanicheki.

Leo mchana alikwenda kusukwa. Joeli yuko zamu ghalani mpaka usiku. Nikabaki na wajukuu wawili, Eliza wa miaka sita na Baraka wa mitatu.

Sasa, kwetu Urambo mtoto hapelekwi kwa watu na njaa. Mama yangu alikuwa anatujaza uji kabla ya kwenda harusini, tusije tukakodolea macho masufuria ya wenyewe. Nikaona hotelini nako ni kwa watu. Saa nane nikasonga ugali, nikapasha maharage ya nazi, nikakaanga samaki. Nikawakalisha mkekani, tonge huyu, tonge yule, natoa miiba kwa vidole. Nilipomaliza nikaligonga tumbo la Baraka kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Limejaa. Mimi mwenyewe sikula, maana mlishaji hana nafasi.

Hayo ndiyo ningemwambia mtu akiniuliza. Lakini hapa naandika ukweli.

Sikutaka watoto wale waonje chakula cha wengine wakiwa na njaa, wakakiona kitamu kuliko changu. Mwanamke mzima, nina wajukuu, naonea wivu sahani ya tambi.

Neema akarudi kasuka vizuri, kapaka rangi ya mdomo, kavaa skafu nyekundu. Tukawavika watoto makoti, kofia, glavu, mabuti, kazi ya nusu saa, kisha Baraka akataka kukojoa, tukaanza upya. Tukapanda basi vituo vitatu hadi kwenye hoteli ya Waitaliano.

Mhudumu alikuwa binti mwenye kipini puani. Akaleta kiti kirefu cha Baraka, akawapa watoto karatasi na kalamu za rangi kabla hatujaomba kitu. Hapo nikampa alama zake. Neema akaagiza kwa Kiingereza, anauliza, anachagua, binti anaandika. Nilikuwa sijawahi kumwona mkwe wangu akiagiza kitu. Nyumbani anayeagiza ni mimi.

Akanigeukia. "Eliza nimemwagizia tambi na madonge ya nyama. Baraka makaroni ya jibini. Wewe kuku, nimewaambia aive mpaka mfupani. Na piza moja kubwa, tuiweke katikati tule wote, kama sinia."

Kama sinia. Alikuwa amenifikiria.

Chakula kikaja, kinatoa moshi. Eliza anapaka rangi, hata hakunyanyua kichwa.

"Kula, mwanangu."

Eliza hujibu kwa Kiingereza siku zote, nami ninakielewa kuliko wanavyodhani. Alisema ameshiba.

"Umeshiba nini?"

Akasema Bibi katulisha ugali. Na samaki. Na maharage, mara mbili. Mwenzake Baraka alikuwa ameshalala, shavu juu ya meza, kalamu ya rangi ya machungwa mkononi.

Neema akaweka uma chini.

Bora angenipigia kelele. Aliangalia zile sahani, moja moja, macho yakaanza kujaa. Akasema polepole, "Mama, hata leo?"

Nikajitetea. "Mwanangu, kwetu mtoto akienda kwa watu..."

"Kwetu nakujua, Mama. Kwani mimi nimetoka wapi? Nilitaka siku moja tu wanangu wale nilichowaletea mimi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu. Yote yalikuwa ya uongo.

"Nimeona wivu," nikasema. Sauti yangu haina kipimo, mzee wa meza ya jirani akageuka.

"Wivu wa nini?"

"Wa hiyo tambi. Na wako. Watoto wakila chako wakashiba, mimi nitafanya nini humo ndani?"

Neema akanitazama. Akaitazama tambi. Akachukua kitambaa cha karatasi, akaziba mdomo, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, tena kicheko cha kukosa pumzi.

"Basi utaila wewe," akasema akijifuta macho. "Yote. Na makaroni. Leo huondoki hapa mpaka sahani ziwe nyeupe."

Adhabu nikaipokea. Tangu chai ya asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nikakunja mikono ya sweta, nikaivamia ile tambi, ikanikimbia yote kwenye uma, ikabaki moja inaning'inia kidevuni. Eliza akaacha kupaka rangi. Akaja kunishika mkono, akanionyesha jinsi ya kuzungusha uma. Anazungusha moja, ananilisha. Anazungusha nyingine, ananilisha. Ya tatu akajilisha mwenyewe, kunionyesha tu, alisema. Ya nne pia ikawa ya kunionyesha. Mwisho akavuta sahani upande wake, akamwambia mama yake ni tamu sana.

Uso wa Neema ulivyokuwa pale, ningepiga picha.

Baraka akaamshwa na vicheko vyetu, akakuta makaroni mbele ya pua yake. Akala moja moja kwa vidole, kila moja akiichungulia tundu kwanza.

Nikamega kipande cha piza, nikakipuliza, nikakipeleka mdomoni kwa Neema. "Fungua."

"Mama! Watu wanatuona."

"Waone. Kwani wao hawana wakwe?"

Akafungua mdomo kama kifaranga. Mkono wangu huu umelisha kila mtu wa nyumba ile, hata Joeli akiumwa mafua. Yeye, tangu aolewe, sikuwahi kumlisha hata tonge. Nilikuwa nampakulia na kumfunikia tu, nikidhani ndiyo kupenda kwenyewe. Nikamlisha cha pili, na cha tatu, mpaka akanishika kifundo cha mkono akiniomba nimwache atafune.

Kuku wao hana chumvi. Hilo nalisema wazi na nitalirudia popote. Ila tambi ni tamu. Naandika kwa masikitiko makubwa, ni tamu.

Kwenye basi la kurudi Baraka alinilalia mapajani, buti zake zinachuruzika theluji kwenye sketi yangu. Neema akasema, akiangalia nje, "Mama, kesho nataka kupika mimi. Samaki wa mgebuka kwa mawese, kama wa kwetu Kigoma."

Nilifungua mdomo nimwambie mawese yako kabati gani, na sufuria ipi huwa inaunguza.

Nikaufunga.

Kwa hiyo kesho tukitoka kanisani, Neema ataingia jikoni peke yake. Mimi nitakaa sebuleni na wajukuu, sote na njaa zetu, tukimsubiri. Sitawapa hata biskuti. Mungu anisaidie nisichungulie.