Mawe Mawili ya Njia ya Mtoni

Mama yangu,

Mgongo unaendeleaje? Na mvua inawaacha mchume majani chai? Mimi niko, ila nimechoka, Mama, nimechoka mpaka vidole. Huku pwani nje jua linachoma kama sufuria ya moto, ndani ya hili ghala la samaki ni barafu, na mimi kutwa natoka motoni naingia barafuni.

Juzijuzi nilikosea vibaya. Msimamizi wetu, Mzee Shomari wa Tanga, alisema samaki wapya waingie chumba chenye baridi zaidi. Mlango mmoja umeandikwa minas tano, yaani tano yenye kile kistari cha kutoa mbele, mwingine minas ishirini. Nikajiambia, baridi ni namba kushuka, na tano ndiyo ndogo, haya, tano! Si hata kwa mzani wa majani chai ishirini inashinda tano? Asubuhi samaki wamelegea.

"We Mkisii, ndizi zimekujaa kichwani?" Mzee akanivua lile koti zito la kazi. "Alhamisi nakuuliza tena. Ukikosa, unarudi kwenu."

Kuuliza wenzangu niliona aibu. Nikachukua boksi, nikachora kwetu. Mlango wako ndio sifuri. Ukipanda mlima wa Manga, unaongeza. Ukishuka mtoni, minas. Sasa yale mawe yako ya njia ya mtoni, ya kupumzikia na jerikeni la maji: la kwanza hatua kumi, la pili thelathini. Nani ako chini zaidi? Wa thelathini! Kumbe upande huo namba ikinenepa ndio unazidi kuzama! Minas ishirini iko chini ya minas tano! Niliruka peke yangu kama kichaa.

Alhamisi nikajibu sawa. Mzee hakuniachilia. "Mbona kwanza ishirini uliiona kubwa?"

"Nilihesabu hatua tu, Mzee, sikuangalia mtu anapanda ama anashuka. Hatua thelathini ni thelathini, juu ama chini, umbali kutoka mlangoni ni ule ule. Lakini mmoja ako mlimani, mwingine mtoni."

"Nani kakufundisha?"

"Mama, na jerikeni kichwani."

Akacheka, akanirushia koti. Linanuka samaki, lakini nililifunga mpaka kidevuni.

Salimia Moraa, dadangu anayekusomea hii, asiruke mahali. Na mjomba wa boda boda, apunguze mbio kwa mteremko.

Kesho ukifika jiwe la pili, kaa kidogo. Pumzika na kwa niaba yangu.

Mwanao,
Ombati