Taa Mpya kwenye Dashibodi ya Baba Mkwe

Alhamisi, jioni. Mvua imetupiga hapa Busia tangu mchana na bado inadondoka kwenye mabati. Moyo wangu mzito. Chai imepoa mbele yangu na sina hamu nayo.

Leo nimefanya kazi safi kabisa, na natamani nisingeifanya.

Gari lenyewe ni la baba mkwe wangu, Mzee Oboth wa Kirewa, kijijini ndani ya Uganda. Ni pikapu kuukuu anayobebea mihogo na karanga za majirani kuja sokoni huku. Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nyumba yangu iko upande wa Kenya, kibanda changu cha kazi upande wa Uganda, kwa hiyo kila asubuhi navuka mpaka kwa miguu na begi langu la spana. Pikapu ya Mzee haiguswi na fundi mwingine mimi nikiwepo.

Kwa miezi kadhaa amekuwa na lalamiko moja tu: eti taa za dashibodi ni hafifu, giza likianza kuingia haoni mshale wa spidi wala wa mafuta. Mara ya kwanza nilifungua nikapangusa kioo. Hakuridhika. Mara ya pili nikabadilisha balbu zote, nikaweka mpya za aina ile ile ya zamani, zile za mwanga wa njano. Akarudi tena, bado giza. Kusema kweli nilikasirika, maana hakuna fundi anayependa kuambiwa kazi yake haionekani. Nikasema basi, safari hii namwekea za LED, nyeupe pee, tuone atalalamikia nini.

Leo akaja peke yake. Siku zote huja na mama mkwe, ambaye huketi mbele akiongea njia nzima: ng'ombe hao, boda hiyo, lori linakuja, pole pole baba Athieno. Nilizoea kumcheka kimoyomoyo, nikisema huyu mama hata abiria wa kulipa angekimbia. Wiki hii ameenda Mbale kumuuguza dada yake. Kwa hiyo Mzee ameendesha kutoka Kirewa hadi Tororo, na Tororo hadi hapa, kwenye mvua, katikati ya malori, bila mtu pembeni.

Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimevunjika. Akasema ng'ombe amekigonga.

Nikatoa dashibodi, nikachomoa balbu za zamani, nikatia LED. Sasa hizi LED zina tabia zake. Balbu ya zamani ukiichomeka vyovyote inawaka, lakini LED ukiichomeka kinyume inakaa kimya. Wengi wetu tunatia tu, tunawasha, isiyowaka tunaigeuza. Nikashusha turubai mbele ya kibanda kupata giza, nikawasha.

Upande wa spidi ukawaka. Upande wa mafuta na joto, kimya. Giza tupu.

Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie asubiri, Mzee akawa ameshainama ndani. Akaweka kidole kwenye kioo, pale pale penye giza.

"Eeeh! Sasa hii iko muzuri, mwanangu. Mafuta naona, moto naona. Mafuta iko nusu."

Mungu wangu. Hapakuwa na taa. Na mafuta hayakuwa nusu, nilikuwa nimeyaona mchana kabla sijafungua, mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu.

Nikamtazama machoni, kitu ambacho mkwe hafanyi hovyo. Alikuwa anatabasamu kuelekea bega langu.

Nikasema, "Ndiyo, Baba. Zimewaka vizuri."

Ndivyo nilivyosema, mimi mwenye mdomo wa kugombana na madereva wa malori mchana kutwa. Kisha nikamdanganya tena kwamba kuna waya sijaufunga, gari lazima lilale hapa. Akakubali bila neno. Nikamwitia boda ya kumpeleka stendi. Kabla ya kupanda aliipapasa siti kwanza, taratibu, kama mtu anayetafuta shati kabatini gizani. Sijui amekuwa akipapasa hivyo tangu lini. Wala sikuwahi kuangalia.

Na mama mkwe hakuwa mwongeaji jamani. Alikuwa anamwonea njia.

Nimemweleza mke wangu, Athieno. Hakushtuka. Akaendelea kukunja nguo za watoto, halafu akasema amejua tangu Krismasi, na mama yake alimkanya asiseme. Nikamuuliza nani basi atamwambia. Huenda ni mtoto wa jicho tu, huenda linatibika, lakini utampelekaje kwa daktari mtu anayekuambia anaona?

"Umwambie wewe," akasema. "Mimi akinichukia sina baba mwingine."

Kwao mkwe hamwambii mzee neno kama hilo, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Lakini kilichoniuma ni kwamba hata mimi sina baba mwingine. Wangu alipofariki, Mzee Oboth alivuka mpaka akakaa nami matangani mpaka turubai likakunjwa. Tangu siku ile hajaniita mkwe tena. Ananiita mwanangu. Leo pia ameniita hivyo, kidole kikiwa kwenye giza.

Ninampenda yule mzee. Nimeandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe sijawahi kumwambia.

Jioni, kabla ya kufunga kibanda na kuvuka kurudi nyumbani, nilikuwa nimerudi kwenye pikapu. Nikazigeuza zile LED mbili zilizokataa, nikawasha. Loo, dashibodi yote ikawa nyeupe, kila namba peke yake, hata vumbi nililosahau kwenye kona ya kioo lilionekana. Mshale wa mafuta umelala chini kabisa. Nikakaa kwenye kiti chake nikiitazama, kisha nikazima, nikatoa ufunguo.

Ufunguo uko mfukoni mwangu. Asubuhi atapiga simu kuuliza kama gari liko tayari, maana Jumamosi ana mizigo ya watu, na Jumapili huwa anabeba wajukuu kwenda kanisani, watoto wangu wakiwemo.

Sitaipokea simu hiyo. Nitakuwa niko njiani kwenda Kirewa kwa boda, bila pikapu. Nitaketi chini, mbali kidogo, anavyoketi mkwe, nimwambie: Baba, zile taa za mafuta hazikuwa zimewaka.

Na akitaka, aache kuniita mwanangu.