Plasta Nyeupe Sakafuni

Jumanne jioni, Kigera

Ile plasta nyeupe kwenye sakafu ya chumba cha eksirei niliibandika mwenyewe. Mtoto akikataa kutulia, mama yake anasimama juu ya hiyo plasta, kando ya mashine, anamshika mikono. Nilikuwa nawaambiaga, "Mionzi inashuka kwa mtoto tu. Hapo ubavuni uko salama."

Leo amekuja mkaguzi na kipimo chake cha mionzi. Kilipofika juu ya plasta, kikalia mfululizo.

"Dada, hapa nani anasimamaga?"

Nikamjibu. Akanieleza polepole, kama anayeogopa kuniumiza. Elektroni zikifunga breki karibu na atomu za metali mle ndani ya mashine, mionzi haielekei upande mmoja. Inatawanyika, na mingi inatokea ubavuni. Inazuiwa na kasha la madini ya risasi tu, na kasha letu lina ufa.

Hayo yote nilisomaga chuoni. Niliyaandika kwenye mtihani, nikafaulu, nikayaacha hukohuko.

Wiki iliyopita nilimsimamisha pale mama mmoja kutoka Kiabakari. Aliniuliza, "Hapa hakuna shida?" Nikamwambia hakuna. Kama ana mimba, sikumuuliza. Nilikuwa na haraka, foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Mkaguzi alipoondoka nikabandua plasta, nikafungua daftari kuwatafuta wote niliowasimamisha pale. Kuna majina ya watoto, umri wao, mkono au mguu uliovunjika, kurasa kwa kurasa. Mama zao hatuwaandikagi. Wao si wagonjwa.