Siku Ziwa Lilipojigeuza

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Manyatta tu wazima. Mama yako anakusalimu, na goti langu limeanza kunitii. Umeniuliza kwa nini wenzako wa chuo, wasomi wazima, wanaamini kila baya linalosemwa kuhusu chama wasichokipenda.

Nilipokuwa msichana muuza samaki, siku chache baada ya uchaguzi tulikuta ufuo umejaa samaki waliokufa. "Serikali imetia sumu kwa sababu tuliwanyima kura!" tukasema. Tukamwendea Mzee Odongo, mvuvi jirani yetu aliyekuwa wa chama cha serikali. Mimi nilibeba jiwe.

Hakukimbia. Alichota maji ya ziwa kwa karai, akatia ngege hai kutoka ndoo yake. Samaki akatweta, akafa.

"Si mnaona? Sumu!" nikapiga kelele.

"Ngoja, binti yangu." Akachota mengine, akayamimina kutoka karai moja hadi jingine, mara nyingi mno. Kisha akatia ngege wa pili. Akaogelea!

"Sumu haitoki kwa kumiminwa," akasema. "Maji haya yamepanda kutoka chini kabisa, hayakuwa na hewa; kuyamimina kumeyatia hewa. Ziwa limejigeuza."

Nililitazama ziwa lile kubwa, mwili ukanisisimka. Lilikuwa limejipindua lenyewe, wala halikujua tulimpigia nani kura. Jiwe likanidondoka. Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa ndani yangu: samaki yule alipoogelea, nilisikitika. Kumbe nilitamani iwe sumu.

Ule vizuri, mama.

Nyanya yako