Kondoo wa Daktari

Gulbanda, Swat
14 Aprili 2025

Mpendwa mjukuu wangu Umarzeb,

Salamu utazipata, ila kwanza nijibu: huko Sharja mmejengewa ukuta usio na mlango? Idi zinakuja, zinaondoka, wewe ni sauti ya simu tu. Mforosadi ulioupanda umeanza kuzaa, na wanaokula ni ndege.

Haya, hujambo? Kikohozi kimekuacha? Unakula chakula cha maana, au ni chai na mkate kama watoto wasio na kwao? Mimi magoti hayana adabu tena, na nyati wetu amekauka maziwa. Mungu anatuona.

Mwandiko ukiuona umepinda, usicheke. Anayeniandikia ni dada yako Palwasha, na anaandika kwa mkono wa kushoto. Baba yako mdogo Bakhtrawan alikuambia mkono wa kulia umepona. Mwanangu, mkono huo haupo. Waliukata Peshawar, chini ya kiwiko.

Hapa kalamu imesimama. Nimemwambia, andika, binti, aibu si yako.

Aliteleza juu ya paa akiondoa theluji, akavunjika. Tukampeleka mjini kwa Daktari Inamullah, yule aliyekulia mtaa wa juu, aliyekuwa akija kula mkate wa tanuri langu ungali moto. Akamfunga plasta ngumu. Kufika nyumbani mtoto analia, vidole vimevimba, vimekuwa rangi ya bilinganya. Tukamrudisha. Hata kuigusa plasta hakuigusa.

"Bibi, wasichana wa siku hizi ni maziwa, ukiwatikisa wanamwagika. Avumilie."

Nikamwambia, "Daktari, mkono unanuka."

"Ni pua yako, bibi. Imezeeka."

Kule Peshawar walisema plasta ingelegezwa mapema, mkono ungekuwepo. Basi tukamshtaki. Si hasira tu, ingawa hasira ninayo ya kutosha kijiji kizima. Palwasha anaishi kwa sindano ya kushonea nguo. Mimi nikifukiwa, nani atamlisha? Fidia ni haki yake, na ndiyo mkono aliobakiwa nao.

Sasa sikia kilichonichoma kuliko daktari. Nilipokuwa Peshawar nikimuuguza, daktari alikuja mlangoni kwetu na kondoo, na mama yake kichwa wazi, kuomba msamaha kama ilivyo desturi. Unajua mwenyewe: ukimfukuza mtu kama huyo ni aibu, na ukiila nyama yake umesamehe. Baba yako mdogo hakutuuliza. Akachinja, akapika, akaita wazee wakala. Leo mwanawe amesimama kwenye duka la dawa la daktari, amevaa koti jeupe.

Nami nikarudi nina njaa ya safari. Mke wa Bakhtrawan akaniletea supu. Nikauliza, "Nyama ya nani hii?"

"Jirani amepata mtoto wa kiume, bibi. Kunywa ingali moto."

Nikanywa, Umarzeb. Nikamwombea mtoto wa jirani maisha marefu. Mtoto mwenyewe hayupo.

Mahakamani wakili wa daktari akasimama: familia imesamehe, hata huyu mzee alikula. Watu wakanigeukia. Nikamfuata Bakhtrawan nje. Mwanangu wa kumzaa, akanitazama viatu.

"Mama, yamekwisha. Nyama iliyoliwa hairudi."

"Mkono wa mtoto wa kaka yako ndio haurudi," nikamwambia. "Kondoo ana miguu."

Hakimu atawasikiliza wazee baada ya Idi ya kuchinja. Wakishika kwamba tulisamehe, kesi imekufa. Wakili wetu anasema msamaha wa kuibiwa si msamaha, lakini mtu mwenye neno lazima aukatae mbele za watu. Wazee hawatanisikiliza mimi mwanamke, wala hawatamsikiliza Palwasha. Baba yenu yuko kaburini. Mwenye neno juu ya msichana ni kaka yake, kabla ya baba mdogo, na kaka yake ni wewe. Ndiyo maana ulidanganywa kwenye simu.

Shangazi yako Mahrukha anakusalimu, na mumewe pia. Palwasha anasema yeye ameshakusalimu kila herufi. Bakhtrawan hakutuma salamu, nami sikumwomba. Mungu akukinge na jua la huko, akupe riziki isiyo na simanzi, akulete ningali na macho ya kukuona.

Idi hii utakuja, na usininunulie shali. Shukia kwenye soko la mifugo, chagua kondoo dume, mnene kumshinda wa daktari. Tutatembea naye mimi, wewe na Palwasha mpaka mlangoni kwa Inamullah, saa watu wanapotoka msikitini. Kamba umtie mkononi mwenyewe, useme neno lako wazee wasikie. Na kondoo umkabidhi akiwa hai.

Mimi bibi yako nikupendaye hata nikikugombeza,
Zarghuna